Mama wa dagaa wa Kirumba, asante

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa. Baba aliuawa Rwanda kwa neno moja kwenye kitambulisho chake: kabila, lililoandikwa humo tangu enzi za Wabelgiji. Mimi na mama tulivuka mto Kagera, uleule uliobeba maiti hadi Ziwa Victoria, tukafika Mwanza bila hata sufuria.

Muuza dagaa mmoja wa mwalo wa Kirumba alitukuta tumelala ubavuni mwa mtumbwi. Alitupa uji kwanza. Akamfunga mama kanga yake, ya bluu, imechanika pembeni, akatupa chumba cha uani, akamfundisha kuanika dagaa. Baadaye alinishika mkono hadi shuleni: "Huyu ni mwanangu, mwandikeni." Majirani walipodadisi kama ni Wahutu au Watutsi, alijibu, "Ni wageni wangu." Wengi waliogopa kula samaki siku zile, dagaa wake walidoda, lakini sahani yetu haikupungua. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni.

Ndugu zangu, mkimbizi akibisha hodi, mpeni uji kabla ya maswali.

Mama, ile kanga bado tunayo. Binti yangu ana jina lako.