Kuinua Land Rover kuukuu: tupime kabla ya kubadilisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi wenye Land Rover za zamani huku Arusha, Monduli, Longido na Karatu. Tangu lile tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024, nimekuwa nikiona magari mengi zaidi yaliyoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa. Sina ugomvi na mapenzi hayo, kwa kuwa nami ninayo. Wasiwasi wangu ni kwamba mengi ya magari haya yana umri wa miaka 25 au 30, hubeba watu na mizigo kwenda minadani, na kazi hii hufanyika bila mwenye gari kuelezwa inabadilisha nini katika usukani na breki.

Gari langu ni Defender 110 ya mwaka 1996 yenye injini ya 300Tdi. Nalitumia kupeleka dawa za mifugo kuanzia Monduli hadi Engaruka na Ngare Sero, njia ambayo ina vumbi jingi, makorongo na mawe ya volkano. Miaka mitatu iliyopita nililipeleka katika gereji moja, nikafungiwa springi ndefu zilizoinua bodi kwa sentimita 10, ringi pana, na matairi ya 315/75R16 badala ya yale ya 7.50R16 ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Niliondoka nikiamini kwamba mawe ya Ngare Sero hayatagusa tena difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli kati ya magurudumu.

Safari ya kwanza tu difu liligonga, na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alielewe kabla ya kutoa fedha. Springi hukaa kati ya ekseli na chasisi. Zikirefushwa, chasisi na bodi hupanda, lakini ekseli pamoja na difu lake hubaki palepale, kwa sababu hizo hubebwa na matairi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake. Tairi la 7.50R16 lina kipenyo cha takribani milimita 806, na lile la 315/75R16 ni kama milimita 879. Tofauti ni milimita 73, kwa hiyo difu langu lilipanda kwa milimita 36 hivi, yaani upana wa vidole viwili. Zile sentimita 10 nilizolipia kwa uchungu zilinisaidia kuingia na kutoka korongoni bila bampa kuchimba udongo, na zilitoa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka, basi.

Gharama ya pili ilijitokeza barabarani. Nikishuka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, nikiwa na abiria wanne na madumu ya maji juu ya keria, gari lilianza kuyumba, na baada ya kila kona usukani haukurudi wenyewe katikati kama ulivyozoea, ikanibidi niurudishe kwa mkono huku mguu ukibana breki kwa nguvu ambayo sikuwahi kuihitaji kabla. Nilifika chini salama, lakini nilisimamisha gari na kukaa pembeni muda mrefu kabla ya kuendelea.

Fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi na magari haya tangu yakiitwa One Ten, alinieleza sababu. Ekseli ya mbele ya 110 imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chasisi. Bodi ikipanda, mikono hiyo huinama na kuizungusha ekseli kidogo, sehemu yake ya juu ikielekea mbele, na ile pembe ya nyuzi 3 inayofanya magurudumu yajinyooshe yenyewe hupungua. Kuna mikono na bushi maalumu za kuirudisha pembe hiyo, nazo nilifungiwa. Hata hivyo, ukiizungusha ekseli kurudi nyuma ili kusahihisha usukani, pua ya difu huinama chini, na propela ya mbele, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, hulazimika kufanya kazi katika pembe kali zaidi. Gari likaanza kutetemeka nikifika mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na krosi za propela, yaani viungo vyake vinavyojikunja, zikaisha kabla ya mwaka. Tiba yake ni propela yenye krosi mbili upande wa giaboksi, nayo ina bei yake. Hivi ndivyo kuinua gari kunavyoendelea: unarekebisha hapa, unaharibu pale, mpaka umelipia kazi tatu au nne ambazo hukuzipangia siku ya kwanza.

Kwa upande wa matairi, hesabu ni nyepesi lakini haisemwi. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 9, kila gia inakuwa ndefu kwa kiasi hicho, na injini ya lita 2.5 inavuta mzigo kwa shida mlimani. Breki zilezile zinahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 9 ili kutoa mvuto uleule wa kusimamisha gari. Spidomita nayo inadanganya: ikionyesha 50 katika eneo la makazi, gari linakwenda karibu 55, na tochi ya trafiki haitasikiliza maelezo ya kipenyo. Aidha, matairi yangu yaligusa mikono ya ekseli kila nilipokata kona, fundi akapunguza kikomo cha usukani, na tangu hapo sikuweza kugeuza gari katika njia nyembamba bila kurudi nyuma mara mbili.

Mwishoni niliyaondoa yote. Yule mzee alipopima umbali kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na kulinganisha na springi zangu za zamani nilizokuwa nimezihifadhi, tuligundua kwamba springi hizo zilikuwa zimelala kwa karibu sentimita 4. Gari nililodhani ni fupi lilikuwa limechoka. Ningeanza na springi mpya za urefu wa kawaida, shokapu mpya na bushi mpya, ningepata zaidi ya theluthi ya kimo nilichokitafuta bila kugusa pembe yoyote.

Leo 110 yangu imeinuliwa kwa sentimita 4 tu juu ya kimo cha kiwandani, ikiwa na shokapu zenye urefu unaolingana na springi, paipu ndefu za mpira za breki, na matairi ya 235/85R16 kwenye ringi za inchi 6.5. Kipenyo chake kinakaribiana sana na cha 7.50R16, kwa hiyo gia na breki zimerudi katika hali yake. Anayehitaji kweli kuinua difu anaweza kufikiria 255/85R16, lenye kipenyo cha milimita 840 hivi, ambalo litampa milimita 17 chini ya difu na kurefusha gia kwa asilimia 4 tu. Penye mchanga mimi hupunguza upepo hadi PSI 18, naenda polepole, kisha najaza tena kwa pampu kabla ya lami. Mara nyingi hilo limenitoa mahali ambapo yale matairi mapana, yakiwa na upepo kamili, yalinizika.

Wenye Land Rover 109, zilizotangulia 110, za springi za vyuma bapa wasidhani kwamba wamesalimika. Shakeli ndefu, vile vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chasisi, nazo hubadilisha pembe ya ekseli, nazo zinahitaji kipimo.

Nawaomba pia wanunuzi wa matairi ya mtumba wasome ubavuni kabla ya kulipa. Mwishoni mwa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna pia namba ya uzito. Niliwahi kushawishiwa kununua matairi ya 33x12.50R15 yenye namba 108, ambayo ni kilo 1,000 kwa kila tairi. Ekseli ya nyuma ya 110 imeruhusiwa kubeba kilo 1,850, kwa hiyo akiba inayobaki ni kilo 150 tu kwa matairi mawili, katika barabara zetu zenye mashimo. Tairi la 235/85R16 lenye namba 120 hubeba kilo 1,400.

Kwa wenye gereji, ombi langu ni moja: andikeni kwenye risiti kimo kilichoongezwa, saizi ya tairi, na kama paipu za breki na pembe ya mbele vimeshughulikiwa, ili atakayelinunua gari hilo kesho ajue amenunua nini. Na kwa askari wanaokagua magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, naomba gari lililoinuliwa lipandishwe jeki hadi gurudumu la mbele lining'inie, usukani ukatwe hadi mwisho kila upande, na paipu ya breki itazamwe kama imevutika. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Wako,
Mwenye Land Rover 110,
Monduli