Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya ya Watumiaji Maji

Ndugu wanajumuiya, wazee wetu, kina mama na vijana, shikamooni na habari za leo.

Nianze na bei, maana ndiyo iliyotutoa jasho vikaoni mwaka mzima. Mlituagiza tushushe bei ya ndoo ya lita 20, kwa kuwa pampu sasa inaendeshwa na sola na hatununui tena dizeli. Wajumbe wengine walitaka ndoo iwe shilingi 40, wengine 30. Wahudumu wa vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, wakauliza: chenji itatoka wapi? Sarafu ndogo iliyobaki mifukoni mwa watu hapa Dodoma ni ya 50. Tukakata shauri: ndoo mbili kwa shilingi 50.

Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Nyumba ya watu sita ni ndoo saba na nusu. Kwa bei ya zamani ya shilingi 50 kwa ndoo, hiyo ni shilingi 375 kwa siku, zaidi ya 11,000 kwa mwezi. Mama anayeishi kwa vibarua vya kupalilia hawezi. Alikuwa akinunua maji ya kunywa tu, ya kufulia na kuogea anakwenda kuyafukua mchangani, kule korongoni. Siku hizi ukipita alfajiri kilula cha shuleni unakuta madumu yamepangwa hadi barabarani, mengine yametiwa jiwe juu ili upepo usiyahamishe. Nimepokea malalamiko ya foleni, na kusema kweli ni malalamiko ninayoyapenda.

Tatizo ni mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili watu wanakinga maji ya bati au wanarudi korongoni, na makusanyo yanaporomoka. Siwalaumu, cha bure ni cha bure. Lakini mlinzi wa paneli anakula hata masika, na fundi vilevile. Kamati inaomba sehemu ya makusanyo ya kiangazi iwekwe akaunti ya matengenezo, isiguswe kwa posho wala kwa sherehe, hata akija mgeni rasmi.

Wapo wanaosema jua ni la Mungu, tulipie nini? Wazee wanakumbuka mpango wa miaka 20 ulioanza 1971: maji karibu na kila mwananchi ifikapo 1991, bila malipo. Injini ya enzi zile bado ipo kwenye kibanda chake na kuku wanaatamia humo. Iliharibika, vipuri vikakosekana, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kuvilipia. Jua halileti bili, ila pampu na inveta, kile kifaa kinachobadili umeme wa sola, vina umri wake, na kuivuta pampu kutoka chini ya kisima si kazi ya mikono mitupu. RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wanatushauri na kutusimamia, lakini chini ya Sheria ya Maji Na. 5 ya 2019 sisi ndio chombo cha kutoa huduma hapa. Bomba likipasuka usiku, anayegongewa mlango ni katibu wetu.

Maji yanatoka safi kisimani. Yanachafukia njiani. Mhudumu mmoja alinionyesha dumu lenye utelezi wa kijani ndani, mfuniko wake ni gunzi la mahindi. Tafadhali, changarawe kidogo na maji, tikisa, suuza. Na kata ya kuchotea isilale sakafuni.

Madeni ya waliounganishiwa majumbani yanajulikana. Majina ninayo, leo siyasomi. Atakayefika mwisho wa mwezi huu hajalipa atakatiwa, hata kama ni mjumbe wa kamati.

Imebaki hoja ya mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo: wafugaji walipe kwa kichwa cha ng'ombe au kwa mita inayopima maji? Mimi naunga mkono mita, kwa sababu mbuzi na ng'ombe hawanywi sawa na kuhesabu mifugo ya mtu ni kuanzisha ugomvi. Mhazini akishasoma hesabu zake, tutapiga kura kwa kunyoosha mikono.