Maua ya karatasi Jumamosi: tafadhali thibitisheni

Hamjambo wapendwa,

Majirani zetu Wameksiko hapa mtaa wa Pilsen, Chicago, wametuomba tuwasaidie mapambo ya Siku ya Wafu, Día de los Muertos, tarehe 1 na 2 Novemba. Tukutane Jumamosi 25 Oktoba, saa nane mchana, ukumbi wa chini. Saa nane ya Kiswahili jamani, siyo 8:00 ya simu! Mara ya mwisho kuna aliyefika asubuhi akakuta kufuli.

1. Mchango dola 5 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi. Ni za karatasi laini za rangi ya machungwa na waya.

2. Njoo na mkasi. Ua moja ni karatasi sita, unazikunja kama kipepeo, unafunga katikati, kisha unachambua tabaka moja moja. Polepole, zinachanika upesi. Yanawakilisha cempasúchil, ua ambalo rangi na harufu yake huaminika kuwaongoza marehemu nyumbani.

3. Ukipenda, leta picha ya mpendwa wako aliyetangulia. Wametuachia nafasi kwenye altare yao. Si lazima.

Dada wa mandazi, unajijua.

Andikeni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Jumatano usiku, na idadi ya watoto mtakaokuja nao. Asanteni.