Barua kwa Baba kuhusu masomo ya wajukuu

Leeds, Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza. Mwambie Mama nimefurahi kusikia goti limepata nafuu.

Tangu ulipopiga simu, jambo lako limekaa moyoni mwangu. Ulisema ile sauti inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya inadai kwamba huku watoto wanafundishwa uchafu shuleni na mzazi hana sauti, ukaniuliza kwa nini nisiwarudishe wajukuu zako Moshi. Jambo hili si la simu, ndiyo maana nakuandikia.

Sauti ipo, Baba, ila mzazi lazima ajue aipeleke wapi. Tangu Septemba 2020 shule zote za msingi hapa England zinatakiwa na sheria kufundisha elimu ya mahusiano, na sekondari huongeza elimu ya kujamiiana. Ya mahusiano huwezi kumtoa mtoto. Ya kujamiiana unaweza kuomba atolewe, na kwa shule ya msingi mwalimu mkuu hana budi kukubali. Sekondari, mihula mitatu kabla ya kutimiza miaka 16, mtoto mwenyewe anaweza kuamua kusoma. Tena kila shule inatakiwa kuwasikiliza wazazi inapopanga namna ya kufundisha, na mwongozo mpya wa kuanza kutumika Septemba 2026 unasisitiza zaidi wazazi waonyeshwe vifaa vya kufundishia.

Shule ya wajukuu zako ilituita. Sisi wazazi wa Kiafrika tuliofika tulikuwa wachache mno, ilhali kila Jumapili baada ya ibada ndio tunaolalamika kuliko wote. Hilo liliniuma. Niliomba kuona masomo yenyewe, nikaonyeshwa.

Nikwambie lililonigusa. Mdogo anafundishwa kwamba mwili wake ni wake, kwamba kuna kushikwa kusikofaa hata kama anayeshika ni ndugu au mtu anayeheshimiwa, na kwamba siri ya namna hiyo haitunzwi, anamwambia mtu mzima anayemwamini. Baba, mimi kwenye kipaimara nilikariri amri ya sita, Usizini, na maelezo yake yote. Hakuna aliyetuambia mtoto afanye nini mkubwa akimvunjia heshima. Wapo wasichana wa rika langu pale kijijini walioumia wakanyamaza kwa sababu hawakuwa na maneno. Somo hili ni la kanisa kabla ya kuwa la serikali, na naona haya kwamba serikali imetutangulia.

Najua pia linalokusumbua zaidi. Ndiyo, watoto wanaambiwa kwamba kuna nyumba zenye mama wawili au baba wawili. Wakristo wa huku wenyewe hawana kauli moja juu ya hilo. Wapo wanaowatoa watoto kwenye vipindi wanavyoruhusiwa, wapo wanaohamia shule za Kikatoliki, na mwongozo unaruhusu shule za kidini kufundisha pia imani yao kuhusu mahusiano. Mimi nimeamua wabaki darasani. Nikiwatoa, yale yale watayasikia uwanjani kwa wenzao, bila mwalimu na bila mimi. Jioni tunazungumza. Nawaeleza tunavyoamini kuhusu ndoa, na nawaambia pia kwamba mwenzao anayelelewa na mama wawili ameumbwa kwa mfano wa Mungu kama wao, asidhihakiwe. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 imetupa sisi wazazi kazi hiyo, tukiwa nyumbani na tukiwa njiani.

Somo la dini ni jambo lingine, ingawa ile sauti imeyachanganya. Hilo ni la lazima shuleni tangu sheria ya 1944, na sheria ya 1988 inataka mitaala inayopangwa na kila wilaya itambue kwamba dini kuu ya nchi ni Ukristo, bila kuziacha dini nyingine kubwa. Kanisa la Anglikana lina kundi lake kamili katika kamati inayoandaa mtaala huo. Kwetu kipindi cha dini kikifika Waislamu wanakwenda chumba chao na sisi chetu. Huku wanakaa pamoja, wanasoma Pasaka, Ramadhani na hekalu la Masingasinga. Mkubwa amenieleza mambo ya jirani yetu Msingasinga ambayo miaka yote sikuyajua. Hofu yangu ni kwamba anaweza kujua kidogo cha kila dini na asishike yake, na dawa ya hilo sitaitafuta kwa mwalimu.

Ndiyo maana nakuomba msaada, Baba. Wewe ni mzee wa kanisa na umekaa na Mama kwenye ndoa tangu kabla sijazaliwa. Jumamosi tukipiga simu usiwaulize matokeo ya mtihani tu. Waeleze mlivyooana, mlivyogombana mkapatana, mlivyosali. Mkubwa ameulizwa darasani ndoa za kwao zinafungwaje, na ana swali kuhusu mahari uliyomtolea Mama. Nimemwambia babu yake ndiye atakayemjibu.

Binti yako akupendaye.