Mashine inajua mlima, haijui nyumba

Mhariri, nimesoma ile habari yenu ya mashine ya eksirei inayopima zana za mawe za Aktiki zilizoko makumbusho na kusema zimetoka wapi, nikaona niseme kidogo maana watu wameipokea kama kitendawili kimeshateguliwa.

Niko Ulaya miaka sasa, na kuna kipindi nilipata kibarua cha kuhamisha makasha kwenye stoo ya makumbusho moja, jina naliacha. Siku hiyo nafungua kasha nakuta kisu cha sleti nyeusi, lile jiwe linalopasuka matabaka, umbo la nusu mwezi, kinaenea kiganjani, kile wanachokiita ulu, kisu cha akina mama wa Kiinuit, wenyeji wa Aktiki, cha kuchunia sili na kukatia ngozi. Mpini hakuna, kimebaki kitobo tu juu. Ubavuni kuna namba ya wino imepakwa vanishi, halafu uzi, na mwisho wa uzi hakuna kitu, karatasi ilishachanika zamani. Kwenye daftari namba ile ina neno moja, "Greenland". Jamani, Greenland inaizidi Tanzania zaidi ya mara mbili!

Sasa hiyo mashine. Kwa obsidiani, lile jiwe la volkano linalong'aa kama chupa, inafanya kazi vizuri sana, kila mlima una mchanganyiko wake wa elementi. Alaska kuna Batza Téna, chimbuko la obsidiani karibu na mto Koyukuk, na mawe yake yameokotwa mbali mno na hapo kwa sababu watu walikuwa wanabadilishana, kama obsidiani ya Eburru kule Naivasha ilivyotembea. Kwa hiyo ukiambiwa Batza Téna umeambiwa jiwe lilichimbwa wapi, nani alilichonga na lilitolewa nyumba ya nani hujaambiwa. Na sleti ndo kabisaa, inabadilikabadilika hata ndani ya mwamba mmoja.

Kinachosaidia ni kalamu. Mmarekani mmoja, Edward Nelson, alikaa St. Michael, Alaska, 1877 mpaka 1881, akaipelekea Smithsonian, makumbusho ya kwao Marekani, vitu kama 10,000, na vingi aliviandikia kijiji alikovinunua, ndo maana mpaka leo vinatumika. Wengine walinunua kwa mabaharia wa meli za kuwinda nyangumi, kitu kikapita mkono huu na huu, aliyekinunua akafa, watoto wakaandika walichokumbuka.

Na hili si la wasomi tu. Denmark iliwarudishia watu wa Greenland vitu kama 35,000 kati ya 1982 na 2001, viko Nuuk, mji mkuu wao. Kisu kilichoandikwa "Greenland" angalau kina pa kwenda, lakini kilichoandikwa "Eskimo" basi, watu wanaoitwa hivyo wako kuanzia Siberia mpaka Greenland, utamrudishia nani? Mkiandika tena waulizeni makumbusho kuhusu madaftari yao, msiulize mashine peke yake.

Kile kisu, mwenzangu mmoja alikitazama akasema kinafanana na vya Disko, kisiwa cha magharibi mwa Greenland, akaandika kwa penseli kwenye lebo mpya "Disko?". Nilipomaliza mkataba alama ya kuuliza ilikuwa bado ipo kwenye lebo. Kwenye kompyuta walishaingiza "Disko".

Msomaji wenu, Ulaya