Kimathi atafutwe kabla ya sanamu nyingine

Mhariri,

Nauza vitabu vikuukuu karibu na sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, hapa mjini, na vijana huniuliza habari za Crazy Horse, kiongozi wa vita wa Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani. Juni 1876 alipigana na jeshi la Marekani huko Little Bighorn, Montana; afisa Custer na kikosi alichokiongoza wakafyekwa. Mwaka uliofuata alijisalimisha, kisha Septemba 5 akachomwa singe huko Fort Robinson, Nebraska, alipokataa kutiwa korokoroni. Wazazi wake walimzika kwa siri.

Sasa wanamchongea mlima mzima tangu 1948, na hawajamaliza! Baadhi ya Walakota hawautaki kabisa mchongo huo. Mlima huo uko Black Hills, na vilima hivyo kwao ni ardhi takatifu.

Kimathi wetu alinyongwa na Waingereza katika gereza la Kamiti 1957. Sanamu tunayo, kaburi hatulijui. Serikali ichimbe Kamiti kwanza.

Muuza vitabu,
Nairobi