Tuhesabu mikoko iliyoshika, si iliyochomekwa

Mhariri,

Msimu wa kupanda mikoko ukifika, magazeti hujaa picha za watu waliovaa fulana mpya, tope limewafika magotini, kila mmoja kashika mche wake. Siwabezi. Mimi mwenyewe ni mwanachama wa kikundi cha kujitolea huku Junda, Mombasa, na kuna kazi nyingi ambazo zisingefanyika lau si wageni hao. Ila habari hizo zikishasomwa, hakuna anayeuliza: je, ile miche ya mwaka jana iko wapi?

Hori ya Tudor, mkono wa bahari ulio hapa kwetu, si mahali pa kubahatisha. Watafiti waliopima walikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 ilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake. Mwache, hori nyingine, ilipoteza asilimia 45.4. Kuni, miti ya kujengea na maji taka ya mitaani vyote vimo katika sababu, na kule Mwache mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope yakafukia mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Kwa hivyo anayetaka kurudisha msitu sharti ajue kwanza kilichouua pale alipo.

Sasa tazama tunavyopanda. Karibu kila sherehe hupandwa mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu. Sababu ni nyepesi: mbegu yake waiokota chini ya mti, waichomeka topeni, imesimama, picha imepigwa. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, haukubali mchezo huo. Tunda lake limejaa vijimbegu vidogo vinavyotaka kuatikwa kitaluni na kutunzwa mpaka viwe miche. Lakini mlilana ndio mti wa mbele, unaokabili maji. Mkoko huja nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na huko juu chumvi inakokuwa kali utakuta mchu. Mvuvi wa kaa yeyote wa hapa anaujua mpango huo bila kwenda chuoni.

Ukiuchomeka mkoko mbele kabisa, kwenye tope tupu linalopigwa na mawimbi, bamvua chache tu, yaani yale maji makuu, zatosha kukupa jibu. Utaukuta umebaki kijiti, majani mawili yamekauka, na shina limevikwa vile vigamba vyeupe vikali vinavyong'ang'ania mpaka gome halionekani. Kando yake viriba vyeusi vya plastiki, vifuko vya kuoteshea miche, vimezikwa nusunusu. Tumeshang'oa miche iliyokufa ikiwa bado ndani ya kiriba, kwa sababu aliyeipanda hakuambiwa akivue kwanza. Tena kuna sherehe iliyopangwa saa nne asubuhi, maji yamejaa pomoni! Hotuba zikarefushwa tukingoja yapwe. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo, na asiye nalo amuulize mvuvi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba ujuzi haujatupotea. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iko Mkomani, mwendo wa tuktuk tu kutoka kwetu. Watafiti wake walianza majaribio ya kupanda mikoko Gazi, Kwale, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa hiyo ambayo mikoko yao inaihifadhi. Fedha zake zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. Wenzetu hawakufika hapo kwa siku moja ya kupanda. Walirudi kupima mwaka baada ya mwaka, wakajua mti gani unashika wapi.

Isitoshe, kuna mahali hapahitaji mche hata mmoja. Penye miti mama iliyobaki, maji yakipita vizuri mbegu hujileta zenyewe. Kazi inakuwa kuzibua mfereji uliozibwa na kifusi, kuzoa takataka na kuwazuia wenye mapanga. Najua, hakuna mfadhili atakayepigwa picha akizibua mfereji.

Ombi langu ni kwa Shirika la Misitu la Kenya na Kaunti ya Mombasa. Anayepewa ruhusa ya kupanda apewe na sharti la kurudi kuhesabu baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, na gharama ya kuhesabu aiweke mezani kabla ya fulana hazijachapishwa. Vikundi vya hapa vinaweza kuifanya: yahitaji kamba, vigingi, daftari na mtu wa kutufundisha. Wanafunzi wa vyuo vyetu pia watapata pa kujifunzia. Matokeo yabandikwe ofisi ya chifu, watu wayasome.

Kampeni ya serikali ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032 ilizinduliwa Desemba 2022, na tangu hapo miche mingi imeingia katika hori hii. Tuanze na hiyo. Itembelewe sehemu moja baada ya nyingine, iandikwe ilipokufa na sababu yake, na orodha hiyo iwe mkononi mwa anayepanga sherehe ijayo kabla hajaagiza mche mwingine wa mkoko.

Mwanakikundi wa mikoko,
Junda, Kisauni,
Mombasa